Siku Esnath Alipokwenda Msibani Bila Machozi

Kule juu ya Igogwe, ambako migomba imesimama karibu karibu hata jua likitaka kupita sharti liombe ruhusa, msiba haukuhesabiwa kuwa msiba mpaka Esnath afike. Kuni zingekuwa zimekwisha kupasuliwa, sufuria zimekwisha kuinjikwa, na mchungaji ameshavaa joho lake. Akina mama wangekaa tu kwenye mikeka wakisafisha koo, kama kwaya iliyofiwa na mwalimu. Halafu mtu kule njiani angesema, "Anakuja," na kila mwanamke angejifunga kanga upya.

Kazi hiyo, maana ilikuwa kazi ingawa haina mshahara, aliianza akiwa darasa la sita, mwaka ule maji yalipochukua daraja la miti na watoto wakakosa shule wiki mbili. Alikuwa amekufa bibi yake mzaa mama. Wakubwa walikwisha kulia mpaka sauti zimekatika, wengine wameanza kuulizana habari za mahindi. Ndipo kale kasichana kakasimama mlangoni kakamwuliza marehemu: "Bibi, nikivunja chungu sasa nitajificha nyuma ya nani?" Nyumba nzima ikaangua kilio upya, na wanaume waliokuwa nje wakavua kofia. Tangu hapo hakupumzishwa.

Na kulia kwake hakukuwa makelele. Makelele hata mbuzi anayapiga. Esnath alilia kwa habari. Alimtaja marehemu na ukoo wake mpaka babu wa tano, akataja ng'ombe wake kwa majina, akataja ugomvi wake na namna ulivyoisha, na kama haukuisha alisema vilevile. Alipokufa Meshaki fundi bati, Esnath alilia, "Meshaki wee, umeondoka na jembe langu jipya liko nyuma ya mlango wako, mimi nitapalilia kwa kucha?" Kesho yake asubuhi mjane akalileta lile jembe, limeoshwa na kupanguswa. Kwa hiyo wapo waliompenda na wapo waliomwogopa, na wazee kadhaa waliokuwa na mambo yao ya kificho walimsalimu kwa unyenyekevu mwingi, kama watu wanaoweka akiba.

Basi mwanamke huyo ndiye aliyeshikwa na wasiwasi.

Ulimwanza mwaka juzi wakati wa masika. Watu walimwuliza sababu, na yeye mwenyewe aliitafuta sababu asiione. Mumewe Amoni alikuwa mzima, mtu mpole asiyesema maneno mawili palipotosha moja. Ng'ombe wawili walikamuliwa. Mtoto wake wa kwanza, Alinanuswe, alikuwa mwalimu Kiwira na ana nyumba ya bati. Lakini moyo ulikuwa ukimruka kifuani kama chura ndani ya ndoo. Akifunga zizi, alirudi kulitazama mara tatu. Simu ikilia alitetemeka mikono, kwa sababu kwa hesabu yake simu ilijua habari moja tu, ya kifo.

"Zamani nilikuwa nawalilia waliokufa," alimwambia Amoni. "Sasa nawalilia na walio hai, kabla ya zamu yao. Leo nimekwisha kumzika Alinanuswe mara nne, na chai bado sijanywa."

Aliombewa. Akanyweshwa mizizi michungu. Akashauriwa aache kahawa, ambayo hakuwa anakunywa. Mwisho akashuka Tukuyu mjini, hospitalini Makandana, na huko akapewa dawa ya kwanza. Dawa ile ilimpa usingizi, ikampa na nyongeza. Siku moja alisinzia akikamua, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, na ng'ombe, kwa kuwa ana adabu kuliko binadamu wengi, akasimama tuli mpaka Amoni alipokuja kumwamsha mkewe. Tena mdomo ulimkauka hata kuitikia salamu ya kanisani ilimlazimu anywe maji kwanza. Miezi ikapita hivyo, mpaka daktari akasema, "Mama, wewe na dawa hii hamkupatana. Tubadilishe."

Daktari huyo aliitwa Doreen, msichana mwembamba mwenye miwani mikubwa, ambaye Esnath alimpenda kwa sababu alikuwa anasikiliza bila kutazama saa.

"Hii mpya huanza kwa fujo," Daktari Doreen alimweleza. "Wiki mbili za mwanzo unaweza kutetemeka, tumbo kuchafuka, usingizi kupaa, hata wasiwasi wenyewe kuzidi kidogo. Vumilia. Nafuu yenyewe utaiona wiki ya nne, au ya sita. Meza kimoja asubuhi, ukishakula. Usiache bila kuniuliza. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje tarehe, njoo siku hiyohiyo. Na usimgawie mtu."

"Na nikigawa?"

"Mama Alinanuswe!"

"Nauliza tu, mwanangu. Kwetu dawa ni kama chumvi, jirani akiishiwa anakuja na kikombe."

"Hii siyo chumvi, mama."

Akamfundisha na namna ya kuutuliza moyo ukianza kuruka: avute pumzi, halafu aitoe polepole kama anayepuliza uji wa moto. Kisha atazame vitu vitano vilivyo mbele yake na kuvitaja kimoja kimoja, ili akili irudi mahali mwili ulipo.

Esnath akarudi nyumbani na pakiti yake ndani ya kitambaa, na kijijini akatangaza kwamba ana presha. Alilifikiria sana jambo hilo njiani. Presha ni ugonjwa wa heshima. Wachungaji wanao. Mtu mwenye presha huletewa maparachichi na kuambiwa asibebe ndoo. Lakini ukisema unameza dawa ya wasiwasi, ya huzuni, watu watakutazama machoni kutafuta kitu, na watoto wataitwa ndani.

Fujo zikaja kweli, kama zilivyoahidiwa. Wiki ya kwanza alimwaga maziwa mara mbili, na mikono ikamtetemeka hata alipomenya ndizi za mbalaga, maganda yalitoka vipande vipande, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika jiko lake. Tumbo lilikataa kila kitu isipokuwa uji mwepesi. Alijitetea kwa ile kazi ya kutaja vitu vitano, na kwa kweli ilimfaa, ila aliifanya kwa mtindo wake. Kwenye foleni ya kupima maziwa, moyo ukianza kuruka, alitoa pumzi polepole na kuhesabu kimoyomoyo: moja, viatu vya mzee wa kanisa havifanani; mbili, Prisca kavaa kanga ya dada yake; tatu, maziwa ya yule pale yamebatizwa; nne, yule bwana kanyoa ndevu, kuna mtu anamtafuta; tano, na mimi bado nimesimama. Akifika tano chura alikuwa ametulia ndooni.

Jambo ambalo Daktari Doreen alilitaja haraka haraka, tena mwishoni, lilikuwa miayo. Dawa ile ilimpigisha miayo mikubwa, isiyo na usingizi ndani yake, inayokuja bila hodi. Jumapili ya pili alipiga mwayo kanisani katikati ya wimbo, na kwa kuwa mwayo ni kitu cha kuambukiza, sauti ya kwanza yote ikapiga mwayo, ya pili ikafuata, na mwalimu wa kwaya akabaki akipungia mikono midomo iliyo wazi isiyotoa kitu.

Walipotoka nje, wifi yake akamngoja mlangoni. Huyo ni Tupokigwe, dada yake Amoni, mjane, mwanamke mwenye macho ya mwewe na ulimi unaolingana nayo.

"Wifi, hiyo presha yako mbona ina miayo?"

"Ni presha ya kushuka," Esnath akajibu. "Ya kupanda ndiyo haina."

Tupokigwe akalibeba jibu hilo mpaka nyumbani.

Wiki ya tatu mikono ilitulia. Zizi akalirudia mara moja tu, simu ikilia akaipokea kabla haijakata. Ila kulikuwa na kitu kingine. Ndama wa jirani alikufa, na Esnath, ambaye katika maisha yake amekwisha kuwalilia hata kuku, alikwenda kutoa pole akakuta macho yake ni makavu. Huruma aliisikia ndani, ilikuwepo, lakini ilikuwa kama inabisha hodi katika nyumba ambayo wenyewe wapo uani. Alijifunika kanga usoni akatikisa mabega, na watu wakaridhika. Kwa ndama inatosha, aliwaza akirudi. Mungu asilete mtu.

Mungu akamleta Mzee Nsajigwa.

Nsajigwa alikuwa baba yake Amoni, mkwewe Esnath, na hapo inabidi kueleza. Kwa mila ya Wanyakyusa mke hamkaribii baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, jina lake halitaji, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayeingia porini. Ndiko kutila, kuogopa kwa heshima. Wake wa siku hizi hawana habari. Wanasema "shikamoo baba" na kumpa mkono, wengine wanapiga naye picha. Lakini Esnath na mzee waliendelea na mila yao miaka thelathini na sita, kwa heshima, na ukweli usemwe, kwa sababu waliufurahia mchezo.

Mzee alikuwa na mbwa. Angepita nje ya ua wa mwanawe, akakohoa ili mkwe ajifiche, kisha akasimama na kumwambia mbwa kwa sauti: "Wewe, mwambie mwenye jiko hili kwamba ndizi za jana zilikosa chumvi." Na nyuma ya migomba Esnath angemwambia kuku yeyote aliye karibu: "Nawe mwambie huyo anayelalamika kwamba sahani ilirudi imelambwa." Hivyo ndivyo walivyosemeshana juu ya mvua, juu ya wajukuu, juu ya kifafa cha marehemu mama mkwe, na juu ya Amoni, ambaye wote wawili walikubaliana kupitia kwa kuku kwamba ni mwema lakini ni mzito kuamka.

Asubuhi moja ya mvua nyembamba Amoni akarudi kutoka kwa baba yake, alikokuwa amekesha akimwuguza, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mzee amepumzika," akasema. "Wamekwisha kukaa. Wanakusubiri wewe."

Esnath akaketi kwenye kigoda. Kifua kilimwuma kama kimekanyagwa. Aliyajua maumivu yale, ndiyo yaleyale yanayokuja kabla ya machozi, akayangojea machozi. Hayakuja. Akamfikiria mzee na mbwa wake. Hayakuja. Akamfikiria mama yake mzazi, akafikiria bibi na chungu, akarudi mpaka kwa mdogo wake aliyekufa kwa surua. Makavu. Akaingia jikoni, akakatakata vitunguu vitatu, akainama juu yake. Pua ikachuruzika, macho hayakutoa kitu.

Amoni alikuwa amesimama nyuma yake. "Mama Alinanuswe, unapika nini?"

"Napika machozi," akasema bila kugeuka. "Hayaivi."

Sasa hilo halikuwa jambo la kuchekesha kama linavyosikika. Mke wa mwana mkubwa ndiye anayefungua kilio cha baba mkwe. Asipolia, watu hawasemi ana dawa. Watasema alikuwa na neno na mzee. Watasema alikuwa anamngoja afe. Tena pale kichwani pa maiti ameketi Tupokigwe, ambaye kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba Esnath anapewa sifa ambazo kwa haki ni za watoto wa kuzaliwa. Na Esnath hakuwa na cheo kingine. Hakuwa mzee wa kanisa, hakuwa mwenyekiti wa kitu. Alikuwa na kilio chake, basi.

Akachukua pakiti, akatoa kidonge cha asubuhi, akakiweka kiganjani akakitazama.

"Ni hiki," akasema. "Hiki ndicho kimeziba. Nikiacha leo na kesho, mpaka kuzika labda patatoboka."

"Daktari alisema usiache."

"Daktari hana wifi."

Amoni akavuta kigoda cha pili akaketi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi asubuhi. "Mimi sina maneno," akaanza, kama kawaida yake. "Lakini mwezi wa tatu nilikukuta umekumbatia mlango wa zizi, huwezi kwenda mbele, huwezi kurudi nyuma. Nikakubeba. Mgongo bado unaniuma. Baba anaweza kuzikwa bila machozi yako. Mimi siwezi kukubeba kila siku."

Yalikuwa maneno mengi kupita yote aliyosema tangu Pasaka. Esnath aliyasikia. Lakini alikirudisha kidonge ndani ya pakiti, akaifunga kitambaani, akatia kifuani, akavaa kanga nyeusi akatoka.

Njia ile ilikuwa fupi, ya kushuka tu mpaka kijito na kupanda, na bado alihisi chura anaamka. Akatoa pumzi polepole. Wanaume walikuwa wameketi chini ya migomba, wamenyamaza. Mtu akasema, "Anakuja." Kule ndani kanga zikafungwa.

Nyumba ile hakuwahi kuiingia. Miaka thelathini na sita aliishia uani, nyuma ya jiko. Leo akapita mlangoni akiwa ameinama, akaenda mpaka kitandani, na kwa kuwa sasa hapakuwa na mila ya kumzuia, akainua macho akamwona mkwewe. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania. Sauti ile kubwa ya kumsemesha mbwa ilikuwa imekaa katika mwili wa mtu mfupi, mwenye masikio makubwa kama ya Amoni, na kovu kidevuni ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia habari zake.

Wanawake kama arobaini walivuta pumzi wakasubiri. Esnath akafungua mdomo.

Ukatoka mwayo.

Haukuwa mwayo wa kuficha kwa kiganja. Ulikuwa mpana, mrefu, wenye mlio mwishoni. Prisca aliyekuwa karibu akapiga mwayo. Hellen akapiga mwayo. Ukazunguka mkeka mzima kama sahani ya sadaka, ukatoka dirishani, na mchungaji aliyekuwa barazani akaonekana amejiziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo.

Tupokigwe akasimama. Mwayo wake mwenyewe ulikuwa umemnasa katikati, ikambidi aumalize kwanza, na hilo likazidi kumkasirisha.

"Mwe bandu!" akasema. "Enyi watu! Mmeona? Anampigia miayo baba yangu! Miaka yote hii anawalilia wa mbali, wa kwake anamchoka! Na hiyo presha yako, wifi, presha gani isiyo na machozi?"

Mvua ilisikika juu ya majani. Esnath alikuwa na njia mbili: kujifunika kanga na kutikisa mabega kama kwa ndama, au kusema. Akamtazama mzee tena. Kwa huyu, mabega matupu yangekuwa wizi.

"Sina presha," akasema.

"Mmesikia? Hana presha!"

"Nina ugonjwa wa wasiwasi, Tupokigwe. Wa kweli, una kadi hospitalini. Moyo unakimbia na mimi nimekaa. Ninameza dawa mpya, wiki ya tatu hii, na mpaka mwili uizoee inanipa miayo na imenizibia machozi. Leo sikuimeza nikidhani yatafunguka. Hayakufunguka. Nimekuja hivi nilivyo."

Mtu akaguna. Tupokigwe akapunguza sauti kidogo, si sana. "Kwa hiyo wewe ni kichaa?"

"Ningekuwa kichaa ningetaja umri wako mbele ya watu hawa."

Pale kwenye mkeka kicheko kikamponyoka mtu, kikakatwa haraka kwa kanga. Esnath hakungoja. Akapiga magoti kando ya kitanda, na kwa sauti ya kawaida, si ya kilio, sauti ya mtu anayezungumza na jirani juu ya ua, akaanza.

"Taata, leo hakuna mbwa wala kuku, ni mimi. Nisamehe macho yangu makavu. Ungekuwa hai ungemtuma mbwa aniulize kama nimeyaacha nyumbani. Taata, zile ndizi hazikukosa chumvi. Siku ile ulikuwa na mafua, nilisikia unapiga chafya toka ng'ambo. Nilinyamaza kwa heshima. Taata, siku nilipojifungua Alinanuswe, mvua ikinyesha, wewe ulizunguka nyumba yangu mara saba ukimgombeza mbwa, na mbwa hakuwepo. Alikuwa ndani, chini ya kitanda changu. Nilikuwa na uchungu, na bado nilicheka. Mkunga akadhani naweweseka. Nilipokuwa na wasiwasi mwaka juzi, nisitoke nje, ulikuja kila jioni ukamsimulia mbwa habari za kijiji zote, nani kaoa, nani kauza shamba, polepole, ili anayesikiliza ndani asipitwe. Ulidhani sijui kwamba ni mimi. Nilijua. Nilikuwa nakungoja. Sikuweza kukuambia ndaga, asante, kwa kuwa siku zile sikuwa na nguvu ya kumwita hata kuku. Sasa nakuambia kwa mdomo wangu. Ndaga fijo, taata. Nilikuwa nakuogopa kama ilivyotakiwa, na nilikuwa nakupenda kuliko ilivyotakiwa."

Aliendelea hivyo kwa muda wa sufuria moja ya chai. Akataja ng'ombe. Akataja ugomvi wa mpaka wa shamba, ambao mzee alishinda lakini hakuwa na haki, na mwenye haki, aliyekuwa nje chini ya migomba, alisikika akisema "Haleluya." Kuna mahali wanawake walicheka wazi, na kuna mahali kicheko kikavunjika katikati kikawa kilio, na kilio hicho, watu waliosimama kule juu barabarani walisema baadaye, hakijapata kusikika. Tupokigwe ndiye aliyelia kuliko wote. Alianguka juu ya mabega ya wifi yake akamlowesha kanga mpaka kifuani, na Esnath akamshika, macho makavu, akimpigapiga mgongoni.

Kesho yake, kabla ya kuzika, Esnath hakupata nafasi hata ya kwenda kujisaidia. Kila alipopita kwenye migomba kulikuwa na mwanamke anamngoja.

"Mama Alinanuswe," Prisca akanong'ona, "hiyo dawa, nipe kimoja. Cha kuonja tu."

"Ni dawa, siyo mchuzi."

"Siyo changu. Cha mume wangu, anapayuka sana."

"Kupayuka hakuna dawa. Ningeshamnywesha mchungaji."

Hellen alitaka viwili, kimoja chake na kimoja cha mama yake wa Kiwira ambaye hana ugonjwa ila hapendi kupitwa. Esnath aliwajibu wote jibu moja, kwamba hospitali iko Makandana, kwamba daktari yupo, kwamba yeye siyo duka. Wapo waliokasirika. Wapo pia, hasa wazee, waliosema dawa imeharibu kilio kizuri, na kwamba mtu akisema kwenye msiba bila machozi ni kama hakimu. Hilo la hakimu lilimpendeza, lakini hakulionyesha.

Alipomaliza bakuli lake la uji, jikoni kwa marehemu, akafungua kitambaa akatoa pakiti. Hakugeukia ukutani. Tupokigwe alikuwa upande wa pili wa moto, anakoroga sufuria ya pili, macho yamevimba.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho."

"Kidogo hivyo."

"Wewe pia ulizaliwa mdogo, na tazama ulivyotusumbua."

Tupokigwe akakoroga mizunguko mitatu. "Na jana umesema hukumeza. Si umeze viwili leo?"

"Kimoja. Cha jana kimekwenda na jana." Akakitia mdomoni, akakisindikiza kwa maji, akafuta midomo.

"Kwa nini hukuniambia, wifi?"

"Ungetangaza."

Tupokigwe akalifikiria jambo hilo kwa haki. "Ningetangaza," akakubali. Kisha akatazama mlangoni kama kuna mtu, hakukuwa na mtu, akashusha sauti. "Tangu baba aanze kuugua nilikuwa nahesabu pumzi zake. Kila siku. Nikikosea naanza upya. Sasa hana pumzi za kuhesabu, na bado nahesabu. Najihesabia zangu. Kuna wakati zinanipotea kabisa, nahisi nakufa hapa hapa nimesimama, na nikitazama watu wanakula tu." Mwiko ulikuwa umesimama sufuriani. "Nipe kimoja, wifi. Kimoja tu, sitasema kwa mtu."

Esnath aliishika pakiti. Huyu hakuwa Prisca na udadisi wake. Mkono wa Tupokigwe ulikuwa ukitetemeka juu ya mwiko, na Esnath aliujua mtetemeko ule kama mtu anavyomjua mtoto wake katika giza. Kugawa kungekuwa rahisi. Ndivyo walivyolelewa, ndivyo walivyopeana chumvi, moto, na dawa za kikohozi maisha yao yote. Akaifunga kitambaani.

"Hapana," akasema. "Sijui kama ugonjwa wako ni wangu. Mimi mwenyewe dawa ya kwanza ilinilaza ubavuni mwa ng'ombe. Lakini njoo hapa." Akamvuta akaketi naye kwenye gogo la kuni. "Vuta pumzi. Sasa itoe polepole, kama unapuliza uji. Usihesabu. Puliza tu. Tena." Wakapuliza wote wawili, wanawake wazima wawili mbele ya sufuria, mpaka mabega ya Tupokigwe yakashuka kutoka masikioni. Uji halisi ukaungua kidogo chini.

"Jumatano ijayo ni tarehe yangu," Esnath akasema. "Tutashuka pamoja."

"Nitawaambia watu nakwenda kupima presha."

"Waambie, presha ina nafasi, mimi nimeiacha. Ila tukifika kaa benchi la kushoto. La kulia ni la wajawazito, na wewe kwa umri wako utaanzisha habari."

Tupokigwe akampiga mwiko wa bega, siyo kwa nguvu, akafuta pua kwa kanga, akauliza kama hospitalini wanafungua saa mbili kamili au saa mbili na nusu.